Nilikwenda Gulu kumrudisha mchumba, nikakuta kaburi la daktari

Wiki hii tunaachana kidogo na mambo ya viwanja vya Sinza na Kinondoni. Tunavuka mipaka, tunakwenda Gulu, kaskazini mwa Uganda. Najua mtauliza, kuna nini Gulu? Hakuna bichi, hakuna madukani pa kutanua. Mwenzenu nilikwenda kwa sababu moja tu: nilikwenda kumfuata mchumba.

Jina lake kapuni, maana mwenyewe hapendi mambo ya magazeti. Ni muuguzi mkunga, na alikuwa na kazi nzuri hapa Dar. Mahari ilishalipwa, mshenga alishapewa shati lake, na kamati ya harusi ilishakaa vikao viwili na kumaliza kreti mbili za soda na moja ya vitu vingine. Ndipo jioni moja akaniambia kwa sauti ya upole kuwa kanisa lao linapeleka timu ya wahudumu wa afya kwenye zahanati ya misheni nje kidogo ya Gulu, na kwamba yeye ameomba kwenda na amekubaliwa. Mwaka mzima! Malipo? Chakula, malazi na posho ya sabuni.

Nyumbani kukawaka moto. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyesimamia mahari, alisimama katikati ya sebule. "Mahari tumetoa, halafu mke anakwenda kutibu watu wa nchi nyingine? Huku Bongo wagonjwa wamekwisha?" Washikaji wangu wa kijiweni nao hawakunisaidia. Mmoja akasema ameshapata daktari wa Kizungu huko. Mwingine akasema wamisionari wakimchukua mtu wamemchukua, harudi.

Mwenyewe nilikuwa na langu moyoni. Miaka michache nyuma mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari, alipata kidonda kidogo tu mguuni. Hospitali walimpa dawa na tarehe za kurudi kusafishwa. Jirani akampeleka kwenye mkutano wa maombezi, na mhubiri mmoja akamwambia mbele ya umati kuwa amepona, aache dawa, kwani kuendelea nazo ni kumtilia shaka Mungu. Mama akaacha. Wiki tatu baadaye mguu ulikatwa chini ya goti. Tangu hapo mtu akiniletea habari za Mungu na uponyaji katika sentensi moja, natafuta mlango uko wapi. Kwaya niliacha, kanisa nikawa naliona kwa nje, kwenye misiba na harusi.

Kwa hiyo mchumba aliposema anakwenda kutibu "kwa ajili ya Bwana", nilisikia maneno yale yale ya yule mhubiri. Alipofikisha mwezi wa tano kule nikaona isiwe tabu. Nikachukua likizo, nikachoma chanjo ya homa ya manjano, nikaweka mfukoni nauli ya watu wawili ya kurudi, nikaondoka.

BASI, VILIMA NA KUKU WA MISHIKAKI

Safari ya basi kutoka Dar hadi Kampala si ya mtu legelege. Mnaondoka stendi ya Mbezi alfajiri, mnakula vumbi la Chalinze, mnapita Segera, Same, Moshi, Arusha. Namanga mnashuka kugonga mihuri, Nairobi mnaingia usiku miguu imevimba kama mikate. Mnasukuma tena usiku kucha kupitia Nakuru hadi mpakani, na jua la siku ya pili linawakuta Uganda. Jinja mnavuka Mto Nile, na abiria wote, hata waliokuwa wanakoroma, wanageuza shingo kuuangalia. Mbele kidogo kuna sehemu inaitwa Namawojjolo. Basi likisimama tu, vijana wanavamia madirisha na mishikaki ya kuku na ndizi za kuchoma. Nunueni, wapenzi. Kuku wa pale ni bomba.

Kampala nilifikia kwa jamaa yangu Mbongo anayesoma Makerere. Jioni alinipandisha kilimani ili nione mji, akanionyesha jambo ambalo sikuwa nalijua. Mji ule una hospitali tatu za misheni, kila moja na kilima chake. Ile ya Mengo, kwenye kilima cha Namirembe, ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari kijana wa Kiingereza aliyetokea Mombasa kwa msafara wa miguu kabla reli haijajengwa. Upande wa pili Rubaga, ya Wakatoliki, iliyoanza 1899. Kule Nsambya, yupo mtawa wa Kiairishi, Mama Kevin, aliyefika 1903 na kuanza kutibu watu chini ya mwembe. Cook alizeeka Kampala na akafia huko huko mwaka 1951.

"Sasa hawa walikuja kutibu au kuhubiri?" nikamwuliza jamaa yangu.

"Vyote," akasema. "Kwa Cook wagonjwa walisikia neno la Mungu kwanza, halafu dawa."

Nikacheka kwa uchungu. Nilisema moyoni, ndiyo yale yale: dawa ni chambo, mgonjwa ni samaki. Hilo swali nikaliweka akiba. Nitamwuliza mwenyewe nikifika.

KARUMA KWENDA MBELE

Kutoka Kampala hadi Gulu ni zaidi ya kilomita 300, na barabara ni lami. Nchi inabadilika taratibu. Migomba inapungua, nyasi zinarefuka, na joto linapanda. Halafu mnafika Karuma. Hapo Nile si ule mpole wa Jinja. Unaanguka juu ya mawe ukitoa povu jeupe na ngurumo mnayoisikia hata mkiwa ndani ya basi. Nyani wamekaa kando ya barabara kama wazee wa kamati, wanangoja maganda ya ndizi.

Abiria wa kiti cha pembeni yangu, mama wa makamo, aliniambia kuwa miaka ya vita hapa magari yalikuwa hayapiti bila msafara wa jeshi. "Ukivuka daraja," akasema, "unaanza kusali." Leo watoto wanauza embe pale pale.

Gulu yenyewe ni mji wa tambarare, mpana, wenye bodaboda nyingi na vumbi jekundu. Ulipandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Salamu yao ni "apwoyo", na neno hilo hilo ni asante, kwa hiyo ukilijua hilo moja umeshajua nusu ya adabu. Chakula chao wapenzi msikikose. Kuna mboga ya majani machungu-machachu inaitwa malakwang, inaungwa kwa siagi ya karanga au ufuta, inaliwa na viazi vitamu. Siku ya kwanza nilikunja uso, siku ya tatu nilikuwa naomba nyongeza.

Kiswahili? Kipo, lakini kina historia yake. Kwa watu wengi wa Uganda hii ilikuwa lugha ya wanajeshi, na vijana hawaipendi sana. Ila wazee wanaijua. Mzee mmoja, kusikia natoka Tanzania, alinishika mkono akagoma kuuachia. "Kijana wa Nyerere!" Alikumbuka jeshi letu lilivyoingia Gulu mwaka 1979 likimfukuza Idi Amin. Huyo mzee mshikeni vizuri, nitarudi kwake.

MCHUMBA NDANI YA GAMBUTI

Nilimkuta mchumba wangu nje ya zahanati amevaa gambuti na aproni ya plastiki, kakonda, uso umeungua jua. Nilitegemea atalia kwa furaha. Alinikumbatia, akacheka, halafu akasema, "Karibu mpenzi. Kaa pale kivulini, nina foleni."

Foleni! Nimesafiri siku tatu, naambiwa foleni. Lakini nilipoiangalia nikafunga mdomo. Akina mama na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Yeye na wauguzi wawili wa Kiacholi walikuwa wanatoboa vidole vya watoto kwa kipimo cha malaria, wanaandika, wanagawa dawa, wanasafisha vidonda. Vidonda nikavitazama sana. Kila mgonjwa wa kidonda aliambiwa jambo moja: rudi siku fulani, usikose. Na yule muuguzi mwenyeji alirudia kwa Kiacholi kwa sauti kali, kama mama anayemkemea mwanawe. Nilimkumbuka mama yangu.

Usiku nikamwuliza lile swali langu. "Mnawahubiria kwanza ndipo mnawapa dawa?"

"Wewe umeona nikihubiri leo?"

"Sikuona."

"Asubuhi tunasali sisi wafanyakazi, dakika tano. Halafu mlango unafunguliwa. Anayeingia tunamwuliza anaumwa wapi, hatumwulizi anasali wapi. Hapa Waislamu wanakuja, wasiosali kabisa wanakuja."

Nikajibu najua maneno mazuri nilishayasikia. Hakubishana. Mtu aliyechoka habishani.

Usiku wa tatu tuliamshwa saa nane. Msichana mdogo, labda miaka 19, uchungu umemshika tangu jana yake, ameletwa kwa bodaboda, kakaa katikati ya dereva na bibi yake. Taa ya sola ilikuwa dhaifu, nikapewa tochi. "Mulika hapa, usiangalie kwingine," mchumba akaniamuru kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mtoto alitoka, wa kiume, lakini hakulia. Alikuwa wa rangi ya majivu, amelegea kama kitambaa kilicholowa.

Nilimwona mwenzangu akimkausha kwa nguvu, akamsugua mgongo, akaweka kibarakoa usoni mwa kile kitoto na kuanza kuminya mfuko wa hewa. Anaminya, anaachia. Anaminya, anaachia. Pembeni bibi alipiga magoti kwenye saruji akawa anasali kwa sauti kubwa kwa Kiacholi. Hakuna aliyemnyamazisha. Na yeye hakumgusa mtu mkono wala kumwambia aache anachofanya. Mmoja anasali, mwingine anaminya mfuko. Mkono wangu wenye tochi ulikuwa unatetemeka.

Mtoto akakohoa, halafu akalia. Bibi akainuka akaanza kupiga vigelegele saa tisa za usiku, hadi mbwa wa jirani wakaitikia.

"Muujiza," nikasema, nusu kwa utani.

"Mafunzo," akajibu huku ananawa mikono. "Dakika ya kwanza ndiyo inayookoa. Nilifundishwa." Halafu akaongeza, "Na Mungu nilimshukuru pia. Sioni kwa nini nichague kimoja."

Siku mbili baadaye ikawa kinyume. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu, malaria imeshapanda kichwani. Wazazi walikuwa wamemzungusha kwanza kwingine. Dripu ilitundikwa, gari la kumpeleka hospitali kubwa likaitwa, lakini alikata roho kabla gari halijafika. Mchumba wangu alikwenda nyuma ya jiko akalia hadi mabega yakacheza. Nilimfuata. Nami nina domo, nikasema lililokuwa linanikaba tangu mama akatwe mguu: "Sasa Mungu wako yuko wapi hapa?"

Alifuta uso kwa kanga. "Sijui," akasema. "Ila mimi najua niko wapi. Kuna watu nje." Akaenda kuendelea na foleni.

Wapenzi wasomaji, nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu. Jibu lile lilinikaa kuliko yote.

JUMAPILI LACOR

Jumapili ndiyo siku yake ya kupumzika. Akasema, "Leo nakupeleka mahali. Ukishaona, kama bado unataka turudi wote Dar, tutaongea." Tukachukua bodaboda hadi Lacor, kilomita kama 6 kutoka mjini, kwenye barabara iendayo Sudan Kusini. Wenyewe wanatamka Lachor. Yule mzee wangu wa Kiswahili naye akaomba lifti ya bodaboda ya pili, maana ana mambo yake na hospitali ile.

Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, ilianzishwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959. Leo ina vitanda zaidi ya 400. Ukiingia hudhani uko hospitali. Ni kama kijiji, kuna miti mikubwa, njia safi, ndugu wa wagonjwa wanafua na kuanika nguo kwenye nyasi.

Kisa cha walioijenga ni cha mapenzi, kwa hiyo tegeni sikio. Mwaka 1961 daktari wa Kitaliano, Piero Corti, alitaka kuikuza hospitali hii ndogo na alihitaji daktari wa upasuaji. Akamshawishi mwanamke wa Kanada, Lucille Teasdale, mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa wapasuaji katika jimbo la Quebec. Ofa yake? Tiketi ya ndege na pesa ya sigara! Lucille akakubali kwa miezi miwili tu. Desemba 1961 wakafunga ndoa katika kanisa dogo la hospitali. Ile miezi miwili ikawa miaka 35.

(Nilimwangalia mchumba wangu wa posho ya sabuni. Akajifanya anaangalia miti.)

Lucille alipasua wagonjwa zaidi ya 13,000. Miaka ya vita alipasua majeruhi wa risasi na mabomu, na vipande vya mifupa vilikuwa vinamkata vidole ndani ya glovu. Mwaka 1985 akapimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI. Enzi hizo hakukuwa na dawa za kurefusha maisha. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi, akafariki Agosti 1996 huko Italia, wakamrudisha kuzikwa hapa. Mumewe alimfuata mwaka 2003, naye yuko hapa.

Kaburi la tatu ndilo lililonisimamisha. Ni la Mwacholi, Dk. Matthew Lukwiya.

Huyu alifiwa na baba akiwa na miaka 12, mama yake alikuwa mchuuzi mdogo. Akawa kichwa darasani, akasoma udaktari Makerere, akaja Lacor mwaka 1983. Baadaye akaenda kusoma Liverpool, Uingereza, akafanya vizuri kuliko wenzake. Angeweza kubaki Ulaya, akarudi Gulu. Na sikilizeni: hospitali ni ya Kikatoliki, yeye alikuwa Mprotestanti. Hiyo haikumzuia kuwa mganga mkuu wake.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walivamia wakitaka kuchukua watawa wa Kitaliano. Lukwiya akasema nichukueni mimi. Wakamchukua, akatembezwa porini wiki nzima, akaachiwa, akarudi kazini.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala anasoma shahada nyingine. Akapigiwa simu: watu wanakufa Lacor kwa ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wa uuguzi wamo. Alifika, akakesha akisoma mafaili na vitabu, akahisi ni Ebola kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha. Akafungua wodi ya kutenga wagonjwa, akaingia yeye mwenyewe. Watu 425 waliugua katika mlipuko ule na 224 wakafariki, kati yao wahudumu zaidi ya 10 wa Lacor. Novemba wauguzi walipoona wenzao wanazikwa kila siku, wakataka kuondoka. Akawakusanya, akawaambia hamlazimishi mtu, lakini yeye anabaki. Wakabaki.

Usiku mmoja muuguzi mgonjwa aliinuka kitandani akitokwa damu, akielekea mlangoni. Lukwiya alivaa barakoa, kofia, gauni na glovu akamwendea haraka, ila miwani ya kukinga macho hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Aliomba azikwe karibu na Lucille.

Wakati tunasimama pale, mzee wangu alikuwa kavua kofia. "Mimi nimelala hapa," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kijeshi, akionyesha uwanja. Nikadhani alilazwa. Kumbe anasema miaka ya vita, maelfu ya watu wa vijijini walikuwa wakija kila jioni kulala ndani ya ua wa hospitali na watoto wao, kwa kuogopa waasi wa Joseph Kony wasiwateke. Asubuhi wanarudi shamba.

Halafu akatueleza jambo jingine. Kabla ya Kony alikuwepo Alice Lakwena. Alisema ameingiwa na roho, na watu walisimulia kuwa ni roho ya askari wa Kitaliano aliyekufa zamani. Aliwapaka vijana mafuta akiwaambia risasi hazitawapata. Waliimba nyimbo za dini, wakaenda mbele wamesimama. Karibu na Jinja mwaka 1987 wakamalizwa. Lakwena akakimbilia Kenya, akafia kambini mwaka 2007. Mzee alipoteza mtoto wa dada yake katika jeshi lile.

"Mtaliano wa roho aliwaambia watoto wetu msiogope, mkafe," akasema mzee. "Mtaliano huyu wa kweli," akionyesha kaburi la Corti, "aliwafunga bendeji. Wote wanataja Mungu. Wewe kijana, angalia mikono."

Hapo ndipo mambo yalinipangika. Yule mhubiri wa Dar na mafuta ya Lakwena ni kitu kimoja: unaahidiwa kwamba hutaumia, halafu ukiumia unaambiwa imani yako ilikuwa haba. Aliyeahidi hayupo tena, keshahama na turubai lake. Lacor sikuona ahadi yoyote. Niliona watu waliobaki. Lucille alibaki na virusi mwilini. Lukwiya alibaki Ebola ikiwa mlangoni. Na wale wauguzi ambao majina yao hayamo kwenye vitabu walibaki, wakiwa na watoto nyumbani.

Na kingine, wapenzi. Wazungu wa kwanza walikuja, ni kweli, na misheni ina mengi ya kujibu katika historia ya bara hili. Lakini Corti na Lucille waliwafundisha wenyeji hadi hospitali ikawa mikononi mwao. Anayetaka kukushika mateka hakufundishi kazi yake.

KUTIBU KUNAVYOBADILI SALA

Jioni ile, tukila malakwang, nilimwuliza mwenzangu kama imani yake imekua tangu aje. Nilitegemea ushuhuda mrefu, maana Dar alikuwa hodari wa ushuhuda.

"Imepungua maneno," akasema. "Dar nilikuwa nasali dakika arobaini, namwambia Mungu cha kufanya. Hapa nasali nikinawa mikono. Namwomba nisikosee dozi." Akanyamaza kidogo. "Kuna siku nasali na sioni kama kuna anayesikia. Halafu asubuhi naamka naenda. Zamani ningesema nimepoa kiroho. Sasa naona labda ndiyo imani yenyewe."

Sikumwambia turudi. Ile nauli yake nikaiweka chini ya Biblia yake mezani, nikamwambia ni ya siku atakayomaliza. Akaicheka, halafu akaificha haraka kabla sijabadili mawazo.

Mimi nilirudi Dar peke yangu, miguu imevimba vile vile. Baba mdogo alikuwa ananingoja sebuleni na mshenga pembeni yake, wamekaa kama mahakama. Nikawaeleza yote, kuanzia yule mtoto wa usiku wa manane hadi makaburi matatu. Baba mdogo alikuna ndevu, akasema sawa, lakini kamati ya harusi haitakaa tena mpaka bibi harusi aonekane kwa macho. Mama ndiye aliyefunga mjadala. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, gongo lake pembeni. "Mwacheni mkwe wangu amalize mwaka wake," akasema. "Mimi mguu wangu ulikwenda kwa kukosa mtu kama yeye wa kunikemea nirudi kusafishwa."

Msiniulize kama nimeokoka. Sijarudi kwenye kwaya, na mikutano ya turubai bado naipita mbali. Ila Jumapili naamka, namwendesha mama kanisani, tunakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nasali kifupi. Mama akichoma sindano yake ya kisukari asubuhi, anafumba macho kwanza, halafu anachoma. Namwangalia, namkumbuka bibi wa Gulu kwenye saruji, na ule mfuko wa hewa.

Kwa wanaotaka kwenda: bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mpakani wanaiangalia. Karuma kaeni upande wa dirisha. Lacor ni hospitali, si bustani ya picha. Ingieni kwa heshima, ombeni ruhusa, na msipige wagonjwa picha. Malakwang ni lazima. Na kama una mchumba muuguzi, nenda ukamwone akiwa kazini angalau siku moja kabla ya harusi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.